Mali Bila Daftari: Tupeni Faili, Hotuba Tumeshasikia

Ndugu msomaji, tuma shilingi 50 kwa M-Pesa sasa hivi. Kabla hujarudisha simu mfukoni utapata ujumbe: nambari ya muamala, jina la aliyepokea, tarehe, saa, gharama ya kutuma na salio lililobaki. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, na tangu wakati huo hata mama mboga asiyewahi kugusa kompyuta ana daftari la kila senti inayopita mkononi mwake.

Sasa uliza swali jingine. Mwezi uliopita serikali ililipa shilingi ngapi kwa ile barabara kuu unayopita kila siku? Ilimlipa nani, kwa kazi gani? Kimya. Utaambiwa subiri bajeti, subiri ripoti, subiri waziri azungumze kwenye mazishi Jumamosi.

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya, na naandika kwa hasira kidogo, mniwie radhi. Hoja yangu ni moja. Kiasi kinachotajwa jukwaani si ripoti. Ripoti ya matumizi ni orodha ya matukio, kila tukio na tarehe yake, kiasi chake na sababu yake, ndani ya faili ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Serikali inayo orodha hiyo tayari, maana bila hiyo haiwezi kumlipa mwanakandarasi hata mmoja. Inachokataa ni kutupatia.

Barabara moja, bei nne

Tuanze na Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilizinduliwa Oktoba 2019 na kufunguliwa rasmi Julai 2022. Katika kipindi hicho gharama yake ilitajwa hadharani kuwa bilioni 62, mara 65, mara 72, mara hata 88. Nani alidanganya? Huenda hakuna. Kiasi kimoja chaweza kuwa cha ujenzi peke yake, kingine kikajumlisha riba ya mkopo, kingine fidia ya ardhi pamoja na kuhamisha mabomba na nyaya za umeme, kingine kikabadilika kwa sababu dola imepanda. Huu ndio uchungu wenyewe: bei zote nne zaweza kuwa za kweli, lakini mwananchi hana namna ya kujua ipi inahesabu nini, kwa sababu anapewa jumla bila mistari inayoijenga.

Kabla ya hapo tulikuwa na Thika Superhighway, kilomita 50 hivi, iliyoanza kujengwa 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Mwanzoni ilitajwa kuwa takriban bilioni 27; ilipokamilika tulikuwa tukisoma zaidi ya bilioni 31. Hayo mabilioni ya ziada yaweza kuwa na maelezo mazuri kabisa: madaraja ya waendao kwa miguu, udongo mbaya, bei ya lami. Mhandisi yeyote atakuambia kandarasi kubwa hubadilika njiani. Sipingi kubadilika. Napinga kubadilika bila kumbukumbu.

Sisi tunaoandika programu tulishalitatua jambo hili. Mtu akibadilisha mstari mmoja wa msimbo kwenye Git, mfumo unahifadhi ni nani, ni lini, mstari ulikuwaje, umekuwaje, na mwenyewe anatakiwa aeleze kwa nini. Git ilitoka mwaka 2005, ni programu huria na haiuzwi. Kijana wa chuo anaweka historia ya mradi wake wa darasa, wa kurasa tatu za msimbo. Barabara ya mabilioni inabadilishwa bei na historia inabaki kwenye kabati.

Na anayelipa ni nani?

Ni wewe. Ukiweka lita 20 za petroli, shilingi 500 zinaingia kwenye ushuru wa kudumisha barabara, kwa sababu tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa lita. Kabla ya hapo ulikuwa 18. Mwaka 2025 serikali ikaziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili ipate takriban bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai. Piga hesabu: kila unapoweka zile lita 20, shilingi 140 zinakwenda kulipia kazi ya zamani. Kazi ipi? Barabara ipi? Deni lilikaa miaka mingapi, na limezaa riba kiasi gani? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika mara nyingi kuhusu riba na faini zinazotokana na kuchelewa kuwalipa wanakandarasi. Riba hiyo haijengi hata mita moja ya lami.

Huna gari? Nauli ya matatu ina mafuta ndani yake. Huna hata nauli? Kabichi za Kinangop haziji Nairobi kwa miguu.

Rudi tena kwenye Expressway. Gari dogo likipita kutoka mwanzo hadi mwisho lililipa shilingi 360 mwaka 2022. Januari 2024 ada ikawa 500, na sababu iliyotolewa ni kuanguka kwa shilingi mbele ya dola. Sawa. Lakini mwaka huo huo wa 2024 shilingi ilipata nguvu tena, kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130. Kama ada inafuata fomula, fomula inasema nini shilingi inapopanda? Programu inayojua kupandisha tu na haijui kushusha ina hitilafu, na hitilafu hiyo lazima iwe na mtu inayemnufaisha. Dereva alistahili kuwekewa fomula mezani siku ile ile ada ilipopandishwa, aichomeke kwenye lahajedwali yake na apate jibu lile lile walilopata wakubwa.

Sasa tazama inayokuja. Kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilitiwa saini mwaka 2020 na kampuni za Ufaransa. Mkataba ukavunjwa mwaka 2025, na Novemba mwaka huo huo kazi ikazinduliwa upya kwa takriban bilioni 170, safari hii na kampuni za China pamoja na NSSF. Soma tena hapo: NSSF. Hiyo ni akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara wako. Kwa hivyo wewe ni mwekezaji kupitia mshahara, utakuwa mteja kupitia ada ya barabarani, na ni mwenye barabara kwa kuwa raia. Mtu aliye mwekezaji, mteja na mwenye mali kwa pamoja anaombaje kuonyeshwa hesabu kama anayeomba msaada?

Sheria imeshasema

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kisha ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, na hapa naomba utulie, kwa sababu kifungu chake cha 5 hakisubiri mtu aombe. Kinaitaka ofisi ya umma, ikishatia saini mkataba wowote, itangaze kwenye tovuti yake au kwa njia nyingine inayofaa: ni kazi gani, ni pesa ngapi, ni nani aliyepewa, na ataimaliza kwa muda gani. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta akaongeza agizo kwamba kuanzia Julai 1 ya mwaka huo kila ofisi ichapishe zabuni zake na waliozishinda, na tovuti ya tenders.go.ke ikapewa kazi hiyo.

Nitoe sifa panapostahili. Tovuti hiyo ilijengwa, na sehemu ya data yake imetolewa kwa mtindo wa OCDS, kiwango cha kimataifa cha kuandika data ya mikataba ya umma. Lakini angalia inakoishia: zabuni imetangazwa, fulani ameshinda, kwisha. Ni kama kualikwa harusini, ukala pilau, ukacheza, kisha ukafungiwa mlango. Zabuni ni harusi. Ndoa ni miaka mitatu au mitano ya hati za malipo, mabadiliko ya kandarasi, kuongezwa muda, fidia na riba. Bei ya Thika Superhighway haikupanda siku ya harusi. Ilipanda ndani ya ndoa, ambako hatukualikwa.

PDF na ufunguo uliopotea

Kuhusu ndoa yenyewe tunapata ripoti. Msimamizi wa Bajeti hutoa kila robo mwaka, Mkaguzi Mkuu kila mwaka. Ni kazi nzuri na bila ofisi hizo tungekuwa gizani kabisa. Ila zinakuja kama PDF, na PDF ilitengenezwa ili ukurasa uonekane vile vile kwenye kila printa, haikutengenezwa ili hesabu zifanyiwe hesabu. Kuna wikendi moja niliandika programu ndogo ya kuvuta jedwali la miradi kutoka ripoti ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Kumbe kila ukurasa ulikuwa picha. Mtu alikuwa na lahajedwali safi kwenye kompyuta, akaichapisha kwenye karatasi, akapiga mhuri, kisha akaiskani ikiwa imepinda. Programu ya kugeuza picha kuwa maandishi ikasoma 8 kama 3 na nukta kama vumbi. Katika barabara, nukta moja ikipotea bilioni 1.8 inakuwa bilioni 18!

Lakini kuna shida kubwa kuliko PDF, nayo ni majina. Ukisoma hifadhidata yoyote utakuta kila kitu kina ufunguo wake, nambari moja isiyofanana na nyingine, kama nambari ya kitambulisho chako. Kwa nambari hiyo benki, KRA na hospitali wote wanajua wanazungumza juu yako wewe na si juu ya Kamau mwingine. Barabara zetu hazina nambari hiyo ya pamoja. Kwenye bajeti mradi umeandikwa chini ya fungu fulani, kwenye zabuni una nambari ya zabuni, mhandisi ana nambari ya kandarasi, mkaguzi ana jina refu lenye "sehemu ya pili", na mwanasiasa ana jina la kijiji chake. Mradi mmoja ukagawanywa kandarasi tatu, kama Thika Superhighway ilivyogawanywa, unapata majina kumi na mawili. Hata raia mwenye bidii akikusanya PDF zote hawezi kuziunganisha bila kukisia. Anayetaka kuficha pesa hahitaji kuchoma nyaraka. Anahitaji tu kuacha kila ofisi iite barabara jina lake.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu wanaotukopesha wanafanya. Benki ya Dunia inatoa orodha ya kandarasi kubwa inazofadhili kama data unayoweza kupakua, Kenya ikiwemo. Benki ya Maendeleo ya Afrika inaweka kwenye tovuti yake ripoti za tathmini za barabara inazofadhili hapa kwetu, na majedwali ya gharama kwa kila sehemu ya mradi. Mkenya anayetaka kujua kuhusu barabara ya kwao anaenda kuuliza kwa mkopeshaji. Ni aibu.

Hata hapa nyumbani kuna mfano. Serikali ya kaunti ya Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, iliweka tovuti ya mikataba ya wazi inayofuata zabuni hadi utekelezaji, na msimbo wake ni huria. Kaunti! Yenye bajeti ambayo barabara kuu moja inaweza kuimeza mara kadhaa. Kama Makueni imeweza, Nairobi inasubiri nini?

Faili ninayoitaka

Nasema wazi ninachoomba, ili asije mtu akasema tunadai mbingu. Faili moja ya CSV kwa miradi yote ya barabara kuu, mstari mmoja kwa kila tukio, na safu nane:

1. Kitambulisho cha mradi, kile kile kwa ofisi zote
2. Nambari ya kandarasi
3. Tarehe
4. Aina ya tukio: kusainiwa, kubadilishwa, kulipwa, kuongezwa muda, kukaguliwa
5. Kiasi
6. Sarafu
7. Sababu, kwa sentensi moja
8. Kiungo cha hati yenyewe

Mstari ukishaandikwa haufutwi. Kukiwa na kosa, unaandikwa mstari mpya wa kusahihisha, kama mhasibu yeyote anavyofanya.

Ni mzigo mkubwa? Tupige hesabu. Mradi wa miaka mitatu wenye hati ya malipo kila mwezi una mistari 36. Ongeza mabadiliko ya kandarasi, fidia na ukaguzi, tuseme 100. Kila mstari ukiwa na herufi 200, hiyo ni kilobaiti 20. Miradi 200 ya namna hiyo ni megabaiti 4, sawa na wimbo mmoja wa MP3. Nchi hii inashindwa kutoa wimbo mmoja?

Visingizio

Cha kwanza: "Ni siri ya kibiashara." Sheria ya 2016 inakubali kwamba siri za kibiashara zipo, lakini sheria hiyo hiyo imetaja kiasi cha mkataba na jina la aliyepewa kuwa vitu vya kutangazwa. Siri ya mwanakandarasi ni jinsi anavyochanganya zege lake. Kiasi alicholipwa ni habari yetu. Tulishaimbiwa wimbo huo kwenye reli ya SGR, mpaka wanaharakati wakaenda kortini. Mei 2022 Mahakama Kuu ikaamuru mikataba itolewe, na Novemba mwaka huo Waziri Kipchumba Murkomen akaweka hadharani mikataba ya mikopo. Mbingu hazikuanguka. Reli bado ipo.

Cha pili: "Wananchi wataelewa vibaya." Wananchi hawa hawa wanasoma taarifa ya M-Pesa, wanagawana hesabu za chama, wanajua makato ya SACCO hadi senti. Na hata kama mimi nitaelewa vibaya, kuna wahandisi, wahasibu na wanahabari watakaonisahihisha wakiwa na faili ile ile mkononi. Leo tukibishana kuhusu bei ya barabara kila mtu ana gazeti lake.

Cha tatu, na hiki ndicho kinachonitisha zaidi: "Tunajenga mfumo." Ndugu zangu, tumekata tepe za tovuti za kutosha. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya Kenya, tukashangilia kwamba tumetangulia majirani zetu wengi. Miaka michache baadaye data ikaacha kusasishwa, maana iliwekwa na watu wa kuzindua na haikuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya ofisi. Mwaka 2025 umekuja mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, nao ukaanza kwa mivutano hadi kortini. Mifumo ijengwe, sina ubaya nayo, ni ugali wangu. Ila faili ya megabaiti 4 haisubiri mfumo. Karani anayeandaa malipo ana data hiyo kwenye skrini yake asubuhi hii.

Cha kufanya

Sheria ya 2016 inaruhusu uandike ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki. Hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo, wala hutozwi ada ya kuwasilisha ombi. Chagua barabara moja tu unayoijua. Iandikie KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, uombe vitu vitatu: kiasi cha mkataba wa kwanza, orodha ya kila badiliko na sababu yake, na orodha ya kila malipo na tarehe yake. Taja kwamba unaitaka kwa faili inayosomeka na kompyuta, si picha. Wakikukatalia au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ofisi tunayoiita Ombudsman.

Enyi wenzangu wa kuandika programu, kazi yenu ni kuziunganisha barabara hizo. Nchi iliyozaa Ushahidi mwaka 2008, kwa siku chache na kompyuta chache, haiwezi kushindwa na safu nane. Kila mtu akipata majibu ya barabara moja ayaandike kwa mpangilio ule ule, tutoe wenyewe kitambulisho cha kila mradi, na tuwaachie serikali aibu ya kutumia kitambulisho kilichobuniwa na raia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la barabara zetu lipo, limeandikwa, na tumelilipia. Andika ombi leo. Ofisi ina siku 21 za kukujibu tangu siku inapolipokea.